Shilingi ya Mwisho Isitangulie Hati

Mkenya anayefanya kazi Doha au Houston akipata marupurupu ya mwisho wa mkataba, wazo moja humjia haraka: alipe deni lote lililobaki la nyumba ya mama Kibera, roho itulie. Ni wazo la heshima. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na sehemu ya fedha hizo huishia kwenye mawe, mabati na fleti za watu wao. Hata hivyo, ikiwa hatimiliki ya nyumba hiyo bado haijatoka, namsihi asimalize deni. Aendelee kulipa kila mwezi bila kukosa, na akitaka apunguze deni kwa mkupuo, apunguze. Lakini kipande cha mwisho akishike mpaka hati iwe tayari kusajiliwa kwa jina la mnunuzi.

Ushauri huu unaeleweka tu tukitenganisha mikopo miwili ambayo watu huichanganya. Katika rehani ya benki, nyumba huandikishwa kwanza kwa jina la mnunuzi, kisha benki huandikishwa juu ya hati hiyo kama mdai. Ukimaliza kulipa, benki huondoa dai lake na hati inabaki yako, kwa sababu ilikuwa yako tangu mwanzo. Katika ununuzi wa mpangaji, ambao ndio njia ya nyumba nyingi za serikali, unaingia, unalipa kidogo kidogo, na hati inakaa kwa muuzaji hadi mwisho. Miaka yote hiyo ulicho nacho ni mkataba na risiti. Anayemaliza rehani mapema anajinunulia uhuru. Anayemaliza ununuzi wa mpangaji mapema, wakati hati haijatengenezwa, amenunua risiti moja zaidi.

Kibera inalifanya jambo hili kuwa zito kuliko mahali pengi. Ardhi yake ni ya serikali tangu ilipotengwa kwa ajili ya jeshi la kikoloni zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa vizazi vingi mwenye kibanda alikuwa na kibali cha chifu tu. Wanubi wenyewe, walioletwa hapo kama wanajeshi na familia zao, walipewa hati ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya kuidai muda wote huo. Kawangware, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hali ni nyingine: ardhi nyingi ni ya watu binafsi, hati zipo, na shida huwa kwamba hati ingali kwa jina la babu aliyefariki au imewekwa rehani mahali asipopajua mnunuzi. Kibera swali linaanza nyuma zaidi. Je, hati hiyo iliwahi kuwapo?

Tazama Soweto East, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Mwaka 2009 wakazi wa Eneo la A walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata ili vibanda vyao vibomolewe. Mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa, wakazi wakiwa wamejipanga katika ushirika wa nyumba ili waweke akiba ya malipo ya kwanza. Mradi wa Eneo la B ukafuata chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Ili fleti moja katika majengo kama hayo iwe na hati yake, lazima kwanza pawe na hati mama ya kiwanja kizima, kisha mchoro wa upimaji unaogawa jengo kitengo kwa kitengo, kisha daftari la kila kitengo lifunguliwe, kama inavyoagiza Sheria ya Umiliki wa Vitengo ya mwaka 2020. Hatua hizi hazisogei kwa sababu mkazi mmoja wa ghorofa ya tatu amelipa mapema. Zinasogezwa na wapima ardhi, kaunti, msajili na yule anayeshika hati mama. Malipo yako ya haraka hayamharakishi hata mmoja wao.

Wala barua ya mgao, ile inayosema umegawiwa nyumba au kiwanja, haizibi pengo hilo. Mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Familia ngapi zimefungia barua kama hiyo ndani ya sanduku la bati zikiamini kwamba zimeshafika! Kupro ilionyesha kosa hili linavyoweza kulikumba taifa zima: maelfu ya wanunuzi, wengi wao wageni kutoka Uingereza, walilipa bei yote wakakosa hati kwa kuwa wajenzi walikuwa wameiweka ardhi ileile rehani benki. Ilibidi bunge la huko litunge sheria maalumu mwaka 2015 ili kuwanasua. Hao hawakuwa wajinga, na wengi walikuwa na mawakili. Walichokosa ni sababu ya kumfanya muuzaji awahitaji tena.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kabla ya hati, deni lililobaki ndilo jambo pekee linalomfanya muuzaji akutafute. Likiisha, wewe ndiye unayemtafuta, tena ukiwa mbali, kwa simu, kupitia binamu anayepanga foleni kwa niaba yako. Tena mikopo mingi ya nyumba huja na bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifariki. Ukimaliza deni, bima hiyo nayo imekwisha. Mnunuzi akifariki baada ya hapo bila hati, warithi wanakwenda kortini na risiti kuthibitisha haki ambayo daftari la ardhi halijawahi kuitaja.

Wapo watakaouliza: na riba je? Ni swali la haki, na jibu lake ni hesabu. Ukibakiwa na deni la shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, kungoja mwaka mzima kunakugharimu kama shilingi 18,000, yaani 1,500 kwa mwezi. Fedha hizohizo zikikaa katika hati fungani za muda mfupi za serikali, ambazo kwa miaka mingi zimelipa zaidi ya hapo, gharama inafutika yote. Riba ikiwa asilimia 14, kama benki nyingi zinavyotoza, hesabu inageuka: mwaka mmoja unakula 84,000. Mwenye mkopo wa namna hiyo apunguze deni kwa nguvu zake zote, abakize tu kiasi ambacho riba yake haimuumizi. Halafu achunguze kwa nini benki ilikopesha juu ya nyumba isiyo na hati, maana ni lazima kuna dhamana nyingine iliyoshikwa mahali fulani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika ununuzi wa mpangaji mkataba unasema hati hutolewa baada ya malipo kuisha, sasa mtu atashikaje kipande cha mwisho? Hapa kuna njia inayotumiwa kila siku katika uuzaji wa ardhi Nairobi. Salio linawekwa kwa wakili, naye anatoa ahadi ya maandishi kwamba atalitoa hati ya uhamisho ikisajiliwa. Malipo na hati vinapishana mezani. Kwanza kabisa, mwombe muuzaji namba ya hati mama, uipekue kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali uliozinduliwa mwaka 2021. Ukikuta hati ipo, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mnunuzi mwenye mkataba kuandikisha zuio ili ardhi isihamishwe kisirisiri. Na kwa nyumba za bei nafuu, sheria ya mwaka 2024 ilipotungwa ilimkataza mnunuzi kuuza bila idhini ya bodi inayosimamia nyumba hizo, hivyo anayelipa haraka kwa nia ya kuuza haraka ajue kwamba huenda kuna mlango mwingine mbele yake.

Nimesikia pia wanaosema kwamba mkazi wa Kibera hana ubavu wa kuiwekea serikali masharti. Mmoja, kweli, hana. Ushirika mzima unaoandika barua moja unao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Ombi liulize mambo matatu tu: hati mama iko kwa jina la nani, mchoro wa vitengo umefikia wapi, na usajili utafanyika lini. Ofisi ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki za Utawala. Hata yule aliyekwisha kumaliza kulipa anaweza kutumia njia hii leo, akiambatisha nakala ya kila risiti na taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba salio ni sufuri. Jibu lolote atakalopata, liwe zuri au baya, litakuwa na tarehe, muhuri na jina la afisa, na wakili wake ataweza kulifikisha katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.