Mguu Haukatwi Ukaingia Kiatuni

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii tumezoea kuitumia katika mambo mazito, ya ndoa zilizoharibika na madeni yasiyolipika. Leo, msomaji mpenzi, nataka kuishusha mpaka chini kabisa mwilini, kwenye mguu na kiatu chake. Na kiatu chenyewe si kubadhi wala mtalawanda. Ni kiatu cha kuchezea hoki ya barafuni, kile chenye chuma kirefu chini ya wayo.

Najua utacheka. Utasema, mzee wa Mombasa na barafu wapi na wapi? Barafu sisi twaijua ile ya kutia ndani ya maji ya ukwaju. Lakini ngoja kwanza. Katika hoteli ya Panari, kule Nairobi kwenye barabara ya kuja kwetu Mombasa, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo vijana wa Kenya walimojifunza mchezo huu hata wakaunda timu yao, Ice Lions. Mwaka 2018 walialikwa Toronto, nchini Kanada, wakavishwa vifaa kamili na kucheza bega kwa bega na mabingwa wawili wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Isitoshe, watu wetu wa Mvita, Lamu na Unguja waliohamia Kanada wanalea watoto katika nchi ambayo mchezo huu ni kama kandanda kwetu. Kwa hivyo jambo hili limekwisha kubisha hodi mlangoni.

Kwanza tukijue kiatu chenyewe. Chuma kilicho chini yake upana wake ni kama milimita 3 tu. Katikati kimechongwa mfereji mwembamba toka mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu ya mfereji huo chuma kimoja hupata makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji hulala upande huu akakata kona, hulala upande ule akasimama ghafla. Kazi yote hiyo huamrishwa na mguu. Mguu ukisema kushoto, chuma kisikie papo hapo. Kisigino kikiinuka hata kidogo ndani ya kiatu, amri huchelewa, na katika mchezo wa kasi kama huu amri iliyochelewa ni sawa na amri isiyotolewa.

Ndiyo maana kiatu hiki huvaliwa cha kukamata. Aghalabu huwa kidogo kuliko kiatu cha kutembelea kwa namba moja au moja na nusu. Mtu akisimama wima, vidole vyapasa vigusegusе tu mbele. Akikunja magoti kama achezavyo, kisigino hurudi nyuma na vidole huachana na ukuta wa mbele. Hapo ndipo mafundi husema kimekaa.

Hayo ni maneno mepesi kwa mwenye mguu wa kawaida. Viwanda hutengeneza viatu kwa kalibu, na kalibu ni mguu wa mtu ambaye hajapata kuzaliwa: urefu kadha, upana kadha, kisigino kadha, vyote vikilingana. Sasa yuko mtu mbele mpana kama kasia, nyuma mwembamba. Yuko mwenye mgongo wa mguu ulioinuka, na mwenye wayo uliolala chini wote. Yuko mwenye kinundu pembeni mwa kidole gumba, au nyuma ya kisigino. Na karibu sote mguu wa kulia si pacha halisi wa mguu wa kushoto. Watu waliokulia miguu mitupu, kama wengi wetu wa rika langu, vidole vyao hutanuka vikachukua nafasi yake, na mguu wa namna hiyo hauna haja ya kuomba radhi kwa kalibu ya mtu.

Taabu hii si ya leo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Brandon, jimbo la Manitoba, Kanada, palikuwa na mshona viatu akiitwa George Tackaberry. Jirani yake, Joe Hall, alikuwa mchezaji wa hoki mwenye sifa ya ukali, na viatu vya dukani vilikuwa vikimshinda. Havikai na havidumu. Yapata mwaka 1905 Tackaberry alimshonea jozi yake mwenyewe, na baadaye viatu vya fundi huyu vikajulikana kwa ngozi ya kangaruu, ngozi nyepesi isiyotanuka ovyo inapolowa. Wachezaji wengine walipoviona wakamwendea mmoja mmoja. Joe Hall hakuishi sana. Alifariki Seattle mwezi wa Aprili 1919 kwa ile homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani, na fainali ya Kombe la Stanley aliyokuwa akiicheza na timu yake ya Montreal ikavunjwa bila mshindi. Tackaberry alifariki mwaka 1937. Jina la viatu vyake likachukuliwa na kampuni ya CCM, na mpaka leo wako wanaokwenda dukani wakaulizia Tacks bila kujua kuwa wanalitaja jina la mshona viatu wa mtaani aliyemhurumia jirani yake.

Nimeyatafuta hayo kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu alizaliwa Mji wa Kale, akakulia vichochoroni na pwani, miguu mitupu kutwa. Sasa anafanya kazi karibu na Toronto. Nilipokwenda kumwangalia nilimkuta ameketi ukumbini, soksi ameivua, na nyuma ya kisigino pana lengelenge lililopasuka. Amenipa shikamoo yake, nikamwitikia, kisha nikamwuliza ni nini.

"Viatu vya barafu, mjomba. Hivi ni vya pili. Vya kwanza vyanibana ubavuni, muuzaji akaniambia nichukue namba mbili zaidi. Sasa ubavuni ni sawa, lakini kisigino chaogelea."

"Na mchezo huu ni lazima?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, usiku wa huku baridi ni mrefu. Watu nnaozungumza nao baada ya kazi ni wale wa uwanjani. Nikiacha, ntarudi kukaa na hii simu."

Hapo nikafahamu kuwa mazungumzo yetu si ya viatu tena.

Tulikwenda naye kwa fundi mwingine aliyesifiwa, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Hakuuliza namba. Alimvua soksi, akamsimamisha kwa uzito wote wa mwili, kwani mguu uliosimama ni mrefu na mpana kuliko ulioketi, kisha akaupima kila mguu peke yake: urefu, upana wa mbele, upana wa kisigino, na kimo cha mgongo wa mguu. Akamvisha kiatu bila kukifunga, akaweka penseli ikikingama juu ya vitundu vya kamba. Penseli ikilala sawasawa, kiatu kina kina cha kutosha. Ya mpwa wangu ilipanda mgongo wa mguu ikabembea kama pia. Ina maana kuwa kila alipokaza kamba alikuwa akiukandamiza mguu wenyewe, mishipa na mifupa, na ndiyo sababu ya ganzi aliyokuwa akiisikia.

Fundi akasema neno ambalo nimelihifadhi: urefu haununui upana. Mwenye mguu mpana akinunua kiatu kirefu, hupata nafasi asiyoihitaji mbele, na kisigino hupoteza makao yake. Chuma nacho huwa kirefu kupita kiasi chake. Akikaza kamba ili kuziba upungufu, huumia juu. Akilegeza, huchubuka nyuma. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka kwenye ubaya mmoja akaingia katika mbili.

Akaeleza kuwa tiba zina daraja zake, na mwenye akili huanza daraja ya chini. Ya kwanza ni kutafuta kiatu kilichokwisha kutengenezwa kwa upana mbalimbali; makampuni makubwa, kama Bauer na CCM, huuza urefu mmoja kwa maumbo zaidi ya moja. Ya pili ni kukitia kiatu katika tanuri maalumu, joto la kiasi cha nyuzi 80 za selsiasi, kwa dakika chache. Kikilainika huvaliwa, kisigino kikagongwa nyuma, kamba zikavutwa kwa nje wala si kwa mbele, na mvaaji akaketi kimya mpaka kipoe. Hasimami wala hatembei, na hakipeleki barafuni siku hiyo. Ya tatu ni kupasha moto mahali pamoja tu na kupasukuma kwa chombo, ili kinundu kipate kijumba chake. Ya nne ni kubadili kitanda cha ndani kinachoushika wayo, kwa wale ambao miguu yao hulalia ndani. Yote hayo yakishindikana, ndipo hutengenezwa kiatu cha mtu mwenyewe.

Mpwa wangu alijaribu kiatu kipana. Mbele kikamfaa, nyuma kikabaki wazi. Akajaribiwa na cha umbo jingine, mambo yakageuka kinyume. Wahenga wamesema mchagua nazi hupata koroma, lakini huyu hakuwa akichagua kwa deko. Nazi yenyewe haikuwapo chunguni. Ikabaki daraja ya mwisho.

Siku hizi kazi hiyo husaidiwa na mashine inayopiga picha ya mguu kila upande na kuupeleka umbo lake kiwandani. Ajabu ni kwamba mmoja wa waliofufua ufundi huu alitoka jimbo lile lile la Manitoba. Katika mji wa Winnipeg, Scott Van Horne alianzisha VH Footwear, akitengeneza viatu vya nyuzi za kaboni vinavyolainika tanurini na kushika umbo la mguu. Mwaka 2016 kampuni ya True ikainunua. Ngozi ya kangaruu imeondoka, mashine imeingia, lakini swali ni lile lile aliloliuliza Tackaberry: mguu wako ukoje?

Bei nayo haina mchezo. Viatu vya namna hii hupita dola 1,000 za Kanada. Kijana aliposikia akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili fundi asifahamu, "Mjomba, hii si israfu?"

Nilimwambia hivi. Israfu ni kununua usichokihitaji, au kununua mara tatu kile ambacho ungenunua mara moja. Lakini pia mtu hakopi kwa ajili ya mchezo. Akiba ikitosha, nunua, isipotosha, ngoja. Alingoja miezi kadhaa. Viatu vilipofika vilitiwa tanurini, akavivaa, na bado pakawa na mahali pamoja penye kifundo cha mguu palipombana, fundi akapasukuma. Baada ya siku chache alinipigia simu nikiwa nimekwisha rudi Mombasa. "Mjomba," alisema, "leo nimecheza mpaka mwisho nikasahau kama nina miguu."

Kwa mzazi wa mtoto anayekua, mimi sitomshauri viatu vya kutengenezwa. Mguu wa mtoto haungoji. Mpe cha upana wake, kisukumwe panapobana, na kipimwe upya kila msimu. Na kijana wa Nairobi anayekodi viatu uwanjani, naye asikubali namba pekee. Avae soksi moja nyembamba, agonge kisigino nyuma, akunje magoti, kisha asikilize. Kisigino kikiinuka, akirudishe, aombe kingine. Viatu vya kukodi vimepita miguu mingi na kila mguu umeacha alama yake, hata viwili vya namba moja havifanani.

Fundi yule alinikumbusha washonaji wetu wa makubadhi. Nao hawaulizi namba. Humkanyagisha mtu juu ya karatasi, wakauzungusha wayo wake kwa kalamu, kisha ngozi ikakatwa kwa mfano wa mguu ule. Hata salamu yetu, wazee hutuambia, asili yake ni kushika miguu. Basi tusione haya kuishughulikia.

Liko moja la mwisho, na hili si la wacheza hoki. Mwenye ugonjwa wa sukari miguu yake huweza kufa ganzi, kiatu kikamchubua hata kidonda kikawa kikubwa na yeye hana habari. Hapo methali niliyoanza nayo haifai tena, kwani maiti mwenyewe haijui adhabu. Mtu kama huyo aiangalie miguu yake kwa macho kila siku, juu na chini na baina ya vidole, au aangaliwe na mtu wa nyumbani. Na mtoto akikuambia kiatu chamuuma, usimwambie atakizoea. Mvue, umsimamishe, uutazame mguu.