Usikubali Kompyuta Ifutwe Kabla Hujaitazama Vyema

MFUMO mpya wa kompyuta ni kama karani mpya katika kituo cha kununulia majani ya chai. Wakulima ni wale wale na majani ni yale yale, ila daftari limepigwa mistari upya. Siku ya kwanza mkulima atalalama kwamba kilo zake zimeliwa, kumbe zimeandikwa ukurasa wa pili.

Hali hiyo imewapata wengi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Wenye kompyuta wengi wamelazimika kuhamia Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Wakishahama, hufungua folda na kukuta mambo ya ajabu: aikoni zimegeuka karatasi nyeupe, picha hazionekani, maandishi yamekuwa madogo kama punje za wimbi, au folda yenyewe haina kitu.

Hebu fikiria soko kama Marani, kule Kitutu Chache Kaskazini katika kaunti ya Kisii. Kompyuta moja katika duka la saiba hubeba mizigo ya jamaa wengi: karatasi za mkopo wa HELB, ripoti za ushuru wa KRA ambazo mwisho wake ni Juni 30, hesabu za chama, na ratiba za mazishi zenye picha za marehemu. Faili hizo zisipoonekana, fundi huitwa, hutazama kidogo, kisha hutoa hukumu: "Hii lazima ifomatiwe." Ukikubali upesi, msomaji, huenda ukazika kilichokuwa hai.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kutoonekana si kupotea. Ile programu ya kufungulia folda, File Explorer, ni dirisha tu. Faili zenyewe hukaa katika diski. Ili ifanye kazi haraka, kompyuta hujiwekea akiba ya vijipicha na aikoni. Mfumo ukibadilishwa, akiba hiyo huweza kuharibika, na dirisha likaonyesha yasiyokuwepo au likaficha yaliyopo.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa lolote, nakili faili zote unazoziona katika flashi au diski ya nje. Kisha fuata ngazi hizi, moja baada ya nyingine.

Anza na lililo jepesi. Zima kompyuta na uiwashe tena. Kama hali ni ile ile, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika orodha itakayotokea tafuta "Windows Explorer", bonyeza upande wa kulia wa kipanya, kisha uchague "Restart". Skrini itapepesa na dirisha litajianza upya. Hakuna faili itakayofutika.

Pili, aikoni zikiwa nyeupe au picha zikiwa si zake, ondoa ile akiba iliyoharibika. Tafuta programu iitwayo Disk Cleanup, chagua diski ya C, na uweke alama kwenye "Thumbnails" peke yake. Hapa pana hatari: ukiona "Downloads" au "Previous Windows installations", usiweke alama hapo hata kidogo. Vijipicha vitatengenezwa upya ukifungua folda. Picha zako halisi hazitaguswa.

Tatu, picha zote zikionyesha aikoni badala ya sura, fungua folda, bonyeza nukta tatu zilizo juu, kisha "Options" na "View". Ondoa alama iliyo kwenye "Always show icons, never thumbnails".

Nne, maandishi yakiwa madogo mno au makubwa mno, nenda "Settings", kisha "System" na "Display". Mahali pa "Scale" chagua kipimo kilichoandikwa "Recommended". Dirisha likipepesa au likiwa na mabaka meusi, huenda programu inayoendesha skrini haijapatana na mfumo mpya. Itafute katika "Windows Update", au kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta yako.

Tano, usidhani amri zimeondolewa. Windows 11 ilifupisha orodha inayotokea ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya. Orodha ya zamani ingalipo chini ya "Show more options", na kubadilisha jina la faili bado ni kitufe cha F2.

Na kama faili hazionekani hata baada ya hayo yote? Tazama kwanza ndani ya folda ya OneDrive, kwa maana mfumo mpya huweza kuhamishia huko folda zako za "Documents" na "Pictures". Kisha fungua diski ya C na utafute folda iitwayo Windows.old, uingie "Users", halafu folda yenye jina lako. Hilo ndilo ghala la mfumo wa zamani, lakini kwa kawaida huhifadhiwa siku 10 tu. Katika siku hizo hizo 10 unaweza pia kurudi ulikotoka kupitia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kompyuta ikikuarifu kwamba umeingia kwa akaunti ya muda, usiandike kazi yoyote humo. Utakachokihifadhi hapo kitatoweka ukitoka.

Aidha, wanaonunua kompyuta kuukuu wajihadhari. Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za zamani hazina kifaa hicho, na kuzilazimisha ni kuyakaribisha matatizo tunayoyazungumzia. Tena, nyanda za Kisii zina radi nyingi na stima hupotea bila hodi. Usianze kuhamisha mfumo mawingu yakiwa yametanda, wala betri ikiwa haijajaa.

Mwishowe, fundi akisisitiza kwamba ni lazima kufuta, muulize swali moja: "Umenakili nini, na kiko wapi?" Mwambie afungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine ukiitazama kwa macho yako mwenyewe. Fundi wa kweli hatachukizwa na swali hilo. Programu hununuliwa tena, lakini picha ya pekee ya nyanya aliyekwisha kuzikwa haiuzwi katika duka lolote.