Kansa ya damu: mashini iliyopima Ebola inaweza kuelekeza dawa

Wakaaji wa Beni na Butembo wanaikumbuka GeneXpert, mashini iliyopima Ebola tangu 2018 na ambayo hupima pia kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba, ikiwekewa katriji yake ya pekee, inatambua alama ya kansa moja ya damu.

Katika kansa hiyo, vipande vya kromosomu 9 na 22 hubadilishana nafasi, kama Janet Rowley alivyoonyesha Chicago mwaka 1973. Jeni BCR na ABL zinaungana, chembe nyeupe zinaongezeka bila kikomo.

Tangu 2001 kuna kidonge kinachozuia hayo, imatinibu, ambacho mgonjwa humeza nyumbani kila siku. Lakini kansa nyingi za damu zisizo na muungano huo hazikisikii. Bila kipimo, daktari anabahatisha tu, huku wengu wa mgonjwa ukizidi kuvimba.