Pesa kwa Simu: Tujihadhari na Wakora

Tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwaka 2007, mama mboga na mkulima wote wanaweka pesa kwa simu. Wakora nao wameifuata huko.

Njia yao ya kawaida ni hii. Unapata ujumbe kwamba umetumiwa shilingi 3,000. Mara mtu anapiga akilia: "Mama, nimekosea namba, nirudishie, ni pesa ya hospitali." Ukirudisha, unatoa zako mwenyewe, maana hakuna kilichoingia.

Tufanye nini?

1. Tazama ujumbe umetoka wapi. Ule wa kweli hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya mtu. Kisha angalia salio.

2. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Aliyekosea apeleke ujumbe wake kwa 456, Safaricom washughulikie. Ukirudisha wewe, naye aombe huko, waweza kulipa mara mbili.

3. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa Safaricom. Wao hupiga kwa 0722 000 000 pekee.

4. Ujumbe wa wakora upeleke kwa 333.

Haraka ndiyo mtego wao. Kata simu, angalia salio, ndipo uamue. Na wazee nyumbani tuwaeleze pia.