Kujifunza Kihispania Ukubwani: Njia Fupi Inapitia Kiswahili

Baadhi yenu mtakumbuka ziara ya wakulima wa kahawa kutoka Guatemala waliotutembelea miaka michache iliyopita. Mikutano ya mchana ilikwenda vizuri kwa sababu tulikuwa na wakalimani wawili. Mmoja aliyatoa maneno kwenye Kihispania akayapeleka kwenye Kiingereza, na mwingine akayapokea hapo akayaleta kwenye Kiswahili. Shida ilianza jioni. Wakalimani walikwenda kupumzika, nasi tukabaki mezani na wageni wetu tukitabasamu na kuonyeshana kwa vidole. Mama mmoja alianza kutusimulia jambo. Tulitambua neno moja tu, "café", yaani kahawa, na tukasikia jingine alilolirudia mara nyingi, "roya". Alipomaliza alikuwa anafuta machozi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia pole.

Kesho yake mkalimani alitueleza. "Roya" ni kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa ambao wakulima wetu nao wanaufahamu. Mwaka 2012 na 2013 ulienea Amerika ya Kati kwa kiwango kikubwa hata serikali ya Guatemala ikatangaza hali ya dharura. Shamba la mama yule liliteketea, na mwanawe akaondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Jambo hilo halikuingia katika taarifa ya ziara. Lilisemwa mezani, na mezani hapakuwa na mkalimani.

Kutokana na hali hiyo, wanne wa ofisi ya miradi na wawili wa kamati za sharika tuliamua kujifunza Kihispania cha mazungumzo. Wote tulikuwa tumevuka miaka arobaini. Makala hii inaeleza tulivyofanya, yaliyotusaidia na yaliyotukwamisha, ili kamati inayofikiria kufanya hivyo ianze mahali ambapo sisi tulichelewa kufika.

KWA NINI KIHISPANIA

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20. Nyingi ziko Amerika ya Kati na ya Kusini, mbali na Hispania yenyewe, na moja iko hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta. Watu karibu milioni 500 wamezaliwa nayo. Ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani huitumia katika mikutano yake pamoja na Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Wenzetu wa Kenya waliikuta hospitalini mwaka 2018, walipopokea madaktari 100 kutoka Kuba.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulianza kwa kununua kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kwa miezi miwili kila sentensi ilitoka kwenye Kiswahili kichwani, ikapita kwenye Kiingereza, ndipo ikafika kwenye Kihispania ikiwa imechoka. Tulikuwa tunafanya peke yetu kazi ya wale wakalimani wawili.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja Mtanzania aliyesomea Kuba, ambaye alikubali kutufundisha mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza alituuliza tungesemaje kwamba tuna njaa. Mmoja wetu akakumbuka kuwa Kiingereza husema "mimi ni mwenye njaa", akaunda sentensi ya namna hiyo. Daktari akatikisa kichwa. "Kiswahili kinasemaje?" Tukajibu: nina njaa. "Basi sema hivyo hivyo." Na kweli, Kihispania ni "tengo hambre": "tengo" ni nina, "hambre" ni njaa. Nina kiu ni "tengo sed". Nina haraka ni "tengo prisa". Nina hofu ni "tengo miedo". Nina miaka 45 ni "tengo 45 años". Tangu siku hiyo tulikiweka kitabu kando, na kabla ya kila sentensi tukajiuliza kwanza Kiswahili kinasemaje.

TULIYOKUWA NAYO TAYARI

Sauti. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Herufi "ñ" ni "ny" ya nyumba. "J" inakaribia "kh" ya kheri. "H" haitamkwi kabisa. Neno likiishia kwa irabu, au kwa "n" au "s", mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi yetu. Mkazo ukihama, huandikwa alama juu ya irabu, nayo si pambo: katika nchi za Amerika "papa" ni kiazi, lakini "papá" ni baba.

Maneno. Waarabu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Waliacha maneno ambayo sisi pia tuliyapata kutoka Kiarabu kwa njia ya bahari. Sukari ni "azúcar", zeituni ni "aceituna", fulani ni "fulano". Hata "hasta", yenye maana ya mpaka, ni ndugu wa "hata" yetu, kama wazee walivyosema "hata kesho" wakimaanisha mpaka kesho. Kwa upande mwingine Wareno, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kihispania, walifika pwani yetu mwaka 1498 na kuipoteza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kutoka kwao tuna bendera, ambayo Kihispania ni "bandera", meza ambayo ni "mesa", na mvinyo ambao ni "vino". Hata hivyo tahadhari inahitajika. "Pera" ya Kihispania si pera letu, bali ni pea, na "moto" si wa kuota bali ni pikipiki.

Kitenzi. Mhispania hahitaji kutaja "mimi" au "sisi" kila mara, kwa sababu kitenzi chenyewe kinamtaja mtendaji. "Hablo" ni ninasema, "hablamos" ni tunasema. Tofauti ni kwamba sisi tunamtaja mwanzoni mwa kitenzi, wao mwishoni.

"Ni" na "niko". Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, na wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza husumbuka navyo sana. Sisi tunavyo tangu utotoni. Mimi ni mwalimu ni "soy maestro". Niko nyumbani ni "estoy en casa". Hapo Kihispania kinakwenda mbele kidogo, kwani hali ya kupita nayo huchukua "estoy": "estoy cansado", nimechoka, "estoy enfermo", naumwa.

Nataka aseme. Tunapotoka kwenye "anasema" kwenda kwenye "nataka aseme", irabu ya mwisho inageuka kutoka a kuwa e. Kihispania ni "habla" na "quiero que hable", yaani a imegeuka e vilevile. Vitenzi vya kundi jingine hugeuka kinyume, "come" (anakula) kuwa "coma" (ale), lakini mantiki ni ile ile. Vitabu vingi huliweka somo hili mwishoni kana kwamba ni mlima. Sisi tulilimaliza katika vipindi viwili.

Upatanisho. Majina yote yako katika makundi mawili, la kiume na la kike, na sifa hufuata jina. Nyumba nyeupe nyingi ni "casas blancas". Mtu aliyekwisha kupatanisha visu vyeupe na miti myeupe hawezi kushindwa na makundi mawili.

CHANGAMOTO

Ikumbukwe kuwa Kiswahili hakikutuondolea kila kikwazo. Kwanza ni "r" na "l". "Pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, na "perro", yenye r ya kutetemesha ulimi, ni mbwa. Wale kati yetu ambao lugha ya nyumbani haitofautishi r na l walihitaji miezi, tena bila kuchekwa.

Pili, "sí" kwao ni ndiyo. Mwalimu alipouliza nani atafuta ubao, mjumbe mmoja alijibu "siyo", akimaanisha kwamba siyo yeye. Kwa sikio la Kihispania alikuwa amesema "sí, yo", yaani ndiyo, mimi. Akapewa kitambaa.

Tatu ni saa, na hili lilitugharimu. Tulipanga kuzungumza na wenzetu wa Guatemala kwa simu saa mbili usiku, na mmoja wetu akaandika "a las dos", saa mbili. Kwao saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo "las dos" ni saa nane. Sisi tulisubiri hadi saa tatu na nusu tukarudi nyumbani. Wao walipiga saa nane yao ya mchana, ambayo kwetu ni saa tano usiku, wakakuta hakuna mtu. Wakulima wawili walikuwa wameacha kazi zao kuja mjini kwa ajili yetu. Sasa tunaandika "a las ocho de la noche, hora de Tanzania".

Nne ni kasi. Msemaji huyaunganisha maneno, na mahali pengine huyameza. Wakuba, mathalani, huachia "s" za mwisho wa silabi, wakati watu wa nyanda za juu za Meksiko na Guatemala huzitamka wazi. Ushauri wetu ni kuchagua lafudhi ya watu mtakaozungumza nao na kukaa nayo mwaka wa kwanza.

Tano ni haya. Mtu mzima anayeheshimika hapendi kusikika akisema kama mtoto. Hata hivyo umri si kizuizi kama tunavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Miezi ya mwanzo vijana na watu wazima walijifunza haraka kuliko watoto wadogo, ingawa watoto waliwafikia baadaye. Mtoto atatushinda lafudhi, lakini si mwanzo.

RATIBA TULIYOIFUATA

1. Kusikia kwanza. Kwa wiki sita za mwanzo baada ya kumpata mwalimu tulisikiliza zaidi ya kusema. Tulirekodi mazungumzo ya dakika mbili kwenye simu, tukayasikiliza kila siku hadi kila neno likajitenga na jirani yake.

2. Nusu saa kila siku, si saa tatu Jumamosi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba mambo mapya husahaulika upesi siku za mwanzo. Hivyo tulirudia kila sentensi baada ya siku moja, kisha siku tatu, kisha wiki.

3. Sentensi nzima, si orodha ya maneno. Tulianza na "quiero" (nataka), "puedo" (naweza), "hay" (kuna) na "voy a" (ninakwenda ku-). Kwa hizo nne mtu huanza kuomba, kueleza na kupanga.

4. Sentensi za kujiokoa. "No entiendo", sielewi. "Más despacio, por favor", polepole zaidi tafadhali. "¿Cómo se dice?", inasemwaje? Kuuliza si ujinga.

5. Heshima. Kihispania kina "tú" kwa mtu mliyezoeana naye na "usted" kwa mkubwa au mgeni. Aliyelelewa kuamkia shikamoo ataelewa mara moja. Ukiwa na shaka tumia "usted".

6. Mazungumzo ya kila wiki na mtu halisi. Programu za simu zinasaidia kukumbuka maneno, lakini nyingi zinafundisha kupitia Kiingereza, na hakuna inayokusubiri kwa macho utafute neno.

MATARAJIO YA KWELI

Tunapenda kuwa wakweli kwa wafadhili na kamati. Taasisi ya serikali ya Marekani inayofundisha maofisa wa ubalozi ilikuwa ikikadiria wiki 24 hadi 30 za darasa la kutwa, yaani saa 600 hadi 750, kwa msemaji wa Kiingereza kukimudu Kihispania cha kazi. Kwa Kiswahili hukadiria wiki 36. Kwa nusu saa kwa siku, saa 600 ni zaidi ya miaka mitatu. Lakini meza ya chakula haidai Kihispania cha ubalozi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, wanne kati yetu sita waliweza kufuata mazungumzo ya kawaida na kujibu. Mmoja aliacha kwa ajili ya uhamisho wa kazi, na mwingine anaelewa lakini bado anaona haya kusema. Mikataba na hesabu za fedha tunaendelea kuziacha kwa mkalimani, na tunashauri kila kamati ifanye hivyo.

Gharama ilikuwa ndogo: nauli ya mwalimu, chai, daftari na vocha za simu. Tunamshukuru daktari wetu, ambaye hakuomba malipo.

Mwaka jana tulizungumza tena kwa simu na wenzetu wa Guatemala, safari hii kwa saa sahihi. Mama yule alikuwepo. Alituambia amepanda miche mipya inayostahimili kutu, na kwamba mwanawe bado hajarudi. Kihispania hakina neno moja linalotosha nafasi ya "pole". Husemwa "lo siento mucho", na maana yake neno kwa neno ni "ninalihisi sana jambo hilo". Tulimwambia hivyo, kwa kuchelewa. Alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kahawa yetu inaendeleaje, nasi tukamjibu wenyewe.