Vinili ya vioo: namna ya kuzuia kichwa cha printa kisigonge

Kichwa cha printa kinapogonga vinili, sauti yake ni ya mara moja tu: mkwaruzo mfupi, kisha mstari mweusi unatokea katikati ya picha. Kwa fundi wa matangazo hiyo ni hasara mara mbili. Mita za vinili zimeharibika, na kichwa chenyewe, kifaa ghali kuliko vingi ndani ya mashine, huenda kimeumia.

Kusini mwa Maniema hasara hiyo ni nzito zaidi. Kasongo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, na Kabambare iko zaidi ya kilomita 100 tena upande wa mashariki. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025 mji huo ulipoingia mikononi mwa M23, na kisha Bukavu nayo ikaingia mikononi mwao. Tangu hapo, kuagiza kipuri kupitia miji hiyo kumekuwa kazi ngumu. Fundi anayeua kichwa leo hawezi kutegemea kupata kingine kesho.

Habari njema ni kwamba mara nyingi kipigo hiki kinaweza kuzuiwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa.

Kwa nini vinili hii ni korofi

Vinili ya matundu ndiyo ile inayobandikwa kwenye vioo vya maduka, maduka ya dawa, mabasi na magari ya kampeni. Aliye nje anaona picha, aliye ndani anaona barabara. Ilianza kuenea duniani baada ya Mwingereza Roland Hill kuanzisha kampuni ya Contra Vision katika miaka ya 1980. Uso wake wa nje ni mweupe na hupokea wino. Upande wa ndani ni mweusi, hivyo jicho hupita kwenye matundu na kufuata mwanga wa nje.

Matundu hayo huwa na upana wa karibu milimita 1.5, na huondoa kati ya asilimia 30 na 50 ya vinili. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Vinili iliyotobolewa hivyo imepoteza nguvu zake. Ikipata joto inavutika upesi kuliko vinili ya kawaida, na karatasi ya mgongo wake haivutiki kwa kiasi kilekile. Mmoja ukivutika na mwingine ukikaa, kingo zinajikunja au katikati panafanya mawimbi.

Kichwa cha printa hupita juu ya vinili kwa nafasi ya milimita 2 hivi. Wimbi dogo lisiloonekana kwa mbali linatosha kukigusa.

Angalia alama iko wapi

Fundi mwenye haraka huinua kichwa juu na kuendelea. Ni afadhali kwanza kutazama mahali kilipogonga, maana alama yenyewe inaonyesha chanzo.

Ikiwa alama iko mwanzoni tu mwa kazi, ncha ya mbele ya roli imejikunja. Kata ncha hiyo iwe imenyooka, punguza pembe zake mbili kwa mshazari, kisha sukuma vinili mbele hadi sehemu iliyojikunja ivuke njia ya kichwa.

Ikiwa alama ziko pembeni, kulia au kushoto, kingo zimeinuka au kibano cha pembeni hakikukaa sawa. Vibano vingine husaidia kulaza kingo, lakini vikiwekwa vibaya ndivyo vinavyogongwa. Acha sentimita 2 au 3 tupu kila upande wa picha. Sentimita hizo ni rahisi kuliko kichwa kipya.

Ikiwa alama iko katikati na vinili imefanya mawimbi, tazama joto na mwendo wa roli. Pengine hita ni kali mno, roli iliingizwa ikiwa imepinda kidogo, au rola moja inabana kuliko nyingine.

Ikiwa alama inajirudia kila baada ya umbali uleule, kosa liko kwenye roli yenyewe. Ilibonyea upande mmoja, na kila inapozunguka bonde lile linarudi. Roli iliyosafiri juu ya pikipiki ikiwa imefungwa kwa kamba za mpira, au chini ya magunia ndani ya lori, inaweza kufika hivyo. Mnunuzi aikague mbele ya msafirishaji, na aihifadhi ikiwa imesimama au imening'inizwa kwenye bomba, si kulazwa chini ya mzigo.

Na ikiwa kipigo kinatokea baada ya mashine kusimama kidogo, sababu ni vinili kukaa juu ya hita bila kusogea. Hili linawahusu hasa wanaotumia jenereta. Umeme unapokatika na kurudi, kipande kilichobaki juu ya joto kinakuwa kimevimba. Kisogeze mbele kabla ya kuendelea, hata kama ni kupoteza nusu mita.

Unyevu nao

Mvua za Maniema huanza karibu Septemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo karatasi ya mgongo hunyonya unyevu wa hewa, na kingo za roli hupata mawimbi hata kabla ya kuguswa na joto. Roli ikae ndani ya mfuko wake hadi siku ya kazi, kisha ipewe saa 24 katika chumba cha printa izoee hewa ya hapo. Ikibaki, irudishwe mfukoni.

Vumbi la kiangazi nalo si rafiki. Uzi mmoja au punje ya mchanga juu ya vinili vinaweza kuburutwa na kichwa kwa upana wote wa picha.

Mpangilio wa mashine

Mambo matano hufanywa kabla ya kazi, na kwa utaratibu huu.

Kwanza, punguza joto. Kwa vinili ya matundu, nyuzi 35 hadi 40 za hita ya mbele na ya katikati huwa mwanzo mzuri. Wino ukichelewa kukauka, punguza mwendo wa kuchapa badala ya kuongeza moto.

Pili, weka kichwa kwenye kimo cha juu ikiwa mashine inaruhusu. Kumbuka kwamba kila ukikiinua, matone ya wino yanasafiri mbali zaidi na picha inapoteza ukali kidogo. Fanya tena jaribio la kulinganisha mistari ya kwenda na kurudi.

Tatu, chunguza feni za kunyonya. Zikiwa dhaifu, vinili inaelea. Zikiwa kali mno, vinili inang'ang'ania na kusukumwa ikiwa na makunyanzi. Angalia pia karatasi ya mgongo. Ikiwa nayo imetobolewa, feni hazishiki vizuri na wino unapenya hadi kwenye kitanda cha mashine. Nunua ile yenye karatasi nzima nyuma.

Nne, hakikisha roli imenyooka. Vuta mita moja au mbili, irudishe, na tazama kama kingo zinabaki kwenye mstari uleule.

Tano, kaa karibu kwa dakika chache za kwanza, mkono ukiwa jirani na kitufe cha dharura. Kazi ya matundu si ya kuiacha usiku peke yake.

Kikigonga, fanya nini

Simamisha mashine na uzime. Usikivute kichwa kwa nguvu juu ya vinili iliyojikunja. Kata vinili na uiondoe polepole. Tazama chini ya kichwa kama kuna kipande cha plastiki au uzi. Safisha kingo zake kwa maji ya kusafishia ya mtengenezaji na kijiti kisichoacha nyuzi. Usipanguse uso wa nozeli kwa kitambaa.

Kisha chapa jaribio la nozeli. Mistari michache ikikosekana, safisha mara moja kwa njia nyepesi, ngoja, ujaribu tena. Kusafisha mara kumi mfululizo kunamaliza wino bila kuponya chochote. Mistari ikitoka imepinda, nozeli zimechafuka au zimekwaruzwa. Rangi moja ikianza kutokea ndani ya nyingine hata baada ya kusafisha na kungoja, huenda kichwa kimeumia ndani, na hapo hakuna maji yatakayokifufua.

Mteja naye ana sehemu yake

Vipigo vingi huzaliwa na haraka. Mwenye duka wa Salamabila anayetaka kioo chake kiwe tayari kesho, au mgombea anayeleta picha jioni akitaka gari liondoke alfajiri, anamlazimisha fundi kupandisha joto na mwendo. Hata ikichapwa salama, picha ya wino wa solventi inahitaji karibu siku nzima kukauka kabla ya kufunikwa kwa plastiki angavu. Bila kifuniko hicho, maji ya mvua huingia kwenye matundu na kioo hakionyeshi tena upande wa pili.

Kwa hiyo mwenye kuagiza aipe kazi siku mbili au tatu. Naye fundi aijumlishe ile nusu mita ya kupoteza katika bei tangu mwanzo, na amweleze mteja sababu yake. Ni gharama inayojulikana, na inalipwa na kazi moja. Kichwa kilichokufa mbali na duka la vipuri hulipwa na kazi zote zitakazokosekana hadi kingine kifike.