Kilima Kilichozaa Vyuo

Noti ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2010 ilikuwa na sura ya Mzee Karume upande mmoja, na upande wa pili Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa noti ndogo kuliko zote, ile inayopita mkononi mwa muuza mchicha, kondakta wa daladala na mtoto aliyetumwa dukani kununua kiberiti. Watu wengi waliishika picha ya ukumbi ambao hawakuwahi kuukanyaga, na wakautamani kwa ajili ya watoto wao. Noti imeshaipisha sarafu, lakini tamaa ile haijapungua. Kijana akipata nafasi Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa kwa sababu ya kilima chake, ukoo mzima huwa na habari kabla jua halijazama.

Mzazi mwenye tamaa hiyo ana haki ya kuuliza nini hasa kilikifanya chuo hiki kiheshimiwe, na kama kitu hicho bado kipo. Jibu langu ni walimu waliopewa muda wa kukaa na swali moja hadi liive. Majengo yalikuja baadaye.

Siku ya kwanza kilima chenyewe hakikuwepo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Kuhamia kilimani, nje ya mji wa wakati ule, kulifanyika mwaka 1964. Kufikia hapo chuo kilikuwa kimeungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, muungano ulioanza mwaka 1963 na kuvunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake.

Haukuwa udugu wa raha kati ya chuo na dola. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara wao wa mwanzo. Baadhi walibeba mabango yaliyosema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Siku hiyohiyo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na chuo kikaanza kujadili kwa kina kipo kwa ajili ya nani.

Mjadala ule ndio uliowavuta watu kutoka pande zote za dunia. Walter Rodney wa Guyana alifundisha pale katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa mwanafunzi hapo hadi mwaka 1970, akaongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. John Garang wa Sudan alipita hapo pia. Wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Idi Amin alipoanza kuwaandama wasomi wa Uganda, kadhaa wao walipata hifadhi na kazi Mlimani, akiwemo Mahmood Mamdani.

Habari hizo za wanamapinduzi zimesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba ndizo zote. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika mbali na majukwaa.

Mwaka 1968 na 1969 idara ya historia iliwatuma wanafunzi vijijini kusini mwa nchi, kukaa na wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. John Iliffe alikuwa miongoni mwa walimu waliousimamia mradi huo, na G.C.K. Gwassa alizama katika habari za Kinjikitile wa Ngarambe na kuenea kwa maji yake. Hebu fikiria kazi yenyewe. Kijana wa chuo anafika kijijini, anatafuta mzee aliyekuwa mtoto au kijana wakati Wajerumani wakichoma ghala na mashamba, anamsikiliza, anaandika, kisha anakwenda kijiji cha pili kulinganisha. Hadi siku hizo, maandishi mengi kuhusu vita ile yalikuwa ya maofisa na wamisionari wa Kijerumani. Kama idara ingengoja miaka 10 tu, wazee wengi wangekuwa wameshazikwa na kumbukumbu zao.

Maandiko ya wanafunzi wale bado yanatumiwa na wanahistoria leo. Mwaka huohuo 1969, Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho chuoni hapohapo, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, na Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa na walimu wa idara. Yaani ndani ya miaka minane tangu darasa la kwanza, chuo kilikuwa kinaipa nchi habari zake yenyewe. Hakikuwa na fedha nyingi, lakini mwalimu aliwajua wanafunzi wake kwa majina.

Kazi ya kamusi ilikwenda kwa mwendo huohuo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihamahama Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kutua Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, chuoni hapo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Wasomi walikaa miaka na kadi za maneno, wakibishana juu ya maana moja hadi nyingine. Leo kila shule ya Afrika Mashariki inayofundisha Kiswahili inanufaika na ubishi ule, hata kama haijui.

Kisha kilima kikaanza kuzaa. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo, ikakua hadi kuwa chuo kikuu kamili cha Muhimbili mwaka 2007. Kitivo cha kilimo kule Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, kikibeba jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya barabarani mkoani humo Aprili ya mwaka ule. Chuo cha Ardhi nacho kilijitegemea mwaka 2007. Mkwawa ya Iringa na Chang'ombe ya Dar es Salaam zilifanywa vyuo vishiriki vya elimu mwaka 2005, kwa sababu shule za kata zilikuwa zinachipuka kila kona na hazikuwa na walimu. Hata vyuo ambavyo havikutoka moja kwa moja kilimani, kama Chuo Kikuu Huria kilichoanza katika miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Dodoma cha mwaka 2007, viliwategemea sana watu waliosoma au kufundisha Mlimani. Geoffrey Mmari aliongoza kwa nyakati tofauti Sokoine, Dar es Salaam na Huria.

Kila chuo kipya kilikuwa ushindi, na sitaki kuudharau. Binti wa Singida asiye na ndugu Dar es Salaam sasa anaweza kusoma Dodoma. Lakini kila kuzaliwa kuligawana walimu walewale, tena katika kipindi kibaya.

Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 uchumi ulianguka, na mshahara wa mhadhiri ukawa haumfikishi katikati ya mwezi. Maktaba ikaacha kupokea vitabu vipya. Wahadhiri wakafuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo, na hilo halikuwa aibu, lilikuwa riziki. Wengine wakaondoka kwenda Botswana, Lesotho na Swaziland. Mmoja wao alikuwa Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika na Nagona, ambaye alifundisha Mlimani miaka mingi kisha akahamia Chuo Kikuu cha Botswana katika miaka ya 1990. Alifariki Januari 2020. Riwaya zake tuliendelea kuzisoma, lakini vijana waliosoma Mlimani baada ya yeye kuondoka hawakumkuta darasani, na hasara ya namna hiyo haimo katika hesabu yoyote ya serikali.

Waliobaki walipata mlango mwingine, ule wa ushauri elekezi. Wizara au mfadhili anataka ripoti ndani ya miezi mitatu. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Mamdani alikwisha kuandika kwa uchungu juu ya jambo hilo hilo Makerere. Simlaumu mhadhiri mwenye watoto wanaosoma. Nasikitika tu kwamba ripoti nyingi za namna hiyo huishia kabatini, na yule aliyeziandika angeweza kuandika kitabu.

Na mwanafunzi wa leo? Mpitie jioni, umkute kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji chini ya miti, na wenzake sita wakigombea madesa, yale maelezo ya masomo yaliyorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka na kudurufiwa steshenari hadi herufi zimefifia. Anangoja bumu kutoka Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, mkopo atakaoulipa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa. Anaogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, anaogopa zaidi kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Si mvivu. Anajua kwamba katika somo la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi mamia, hakuna mhadhiri anayeweza kusoma insha ya kurasa 10 ya kila mmoja na kumwandikia pembeni pale alipoteleza. Mtihani wa kuchagua herufi ndio unaowezekana, na mtihani wa aina hiyo unajibika kwa madesa.

Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 yanalaza wanafunzi 3,840. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 inaweza kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Nimefurahi kuviona vyote viwili. Watu hawasomi vizuri wakilala watatu kitandani. Ila hakuna maktaba inayosahihisha insha.

Bado vipo vielelezo vya namna nyingine ya kufanya kazi. Pale Sokoine, watafiti walikuwa wamewachunguza panya waharibifu wa mazao kwa miaka kabla ya shirika la APOPO kuweka kambi yake Morogoro mwaka 2000. Kutokana na ujuzi huo na uvumilivu wa wakufunzi wa Kitanzania, panya buku walifundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia. Kumfundisha panya mmoja huchukua miezi mingi, na kuifikia njia yenyewe kulichukua miaka.

Muhimbili kuna mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Tangu mwaka 2004 madaktari na watafiti, akiwemo Profesa Julie Makani, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu, mtoto baada ya mtoto, kliniki baada ya kliniki, hadi wakawa na kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa. Ugonjwa ambao familia nyingi ziliuita laana ukapata takwimu, na takwimu zikaleta hoja ya kuwapima watoto wachanga. Hiyo ndiyo historia ya Maji Maji ikiwa imevaa koti jeupe: mtu anarudi tena na tena kwa watu walewale, anasikiliza na kuandika.

Orodha za ubora wa vyuo vikuu zinazotoka Ulaya na kwingineko huhesabu zaidi makala katika majarida ya kimataifa na mara ngapi yamerejelewa. Vyuo vyetu huonekana mbali chini, na kila orodha ikitoka magazeti hujaa masikitiko. Kamusi ya 1981 haimo katika hesabu hiyo, wala daktari wa wilaya aliyesomea Muhimbili. Hata hivyo nisingependa tujifiche nyuma ya udhaifu wa orodha. Mhadhiri asiyepata muda wa kutafiti hatoi makala wala kamusi, na hapo orodha na mimi tunakubaliana.

Mwaka 2021 serikali ilianza mradi wa elimu ya juu kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Sehemu kubwa inajenga madarasa, maabara na kampasi mpya mikoani. Sehemu nyingine inawasomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ninayoiombea. Wizara ya Elimu inaposoma bajeti yake bungeni Dodoma, tarakimu za majengo husomwa kwa sauti na kupigiwa makofi. Natamani mbunge mmoja asimame baada ya makofi hayo na kuuliza wangapi kati ya waliosomeshwa wamerudi kufundisha, kila mmoja ana wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza, na amebakiwa na saa ngapi kwa wiki za utafiti wake. Kisha aulize tena mwaka unaofuata.